Nywele kavu: nazi, nyonyo, shea au mgando? Ulinganisho wa vitu vya kutumia nyumbani

Swali linaloulizwa zaidi na wenye nywele kavu ni moja: nipake mafuta gani? Utalisikia kwenye maduka ya vipodozi Kariakoo, saluni mtu akifumuliwa rasta, na nyumbani asubuhi mama akimchana mtoto wa shule huku mtoto analia. Jibu huwa jepesi, jina la chupa fulani, na muulizaji anaondoka nayo. Chupa inaisha, nywele bado zinakwaruza na kukatikia kwenye chanuo.

Nywele kavu zimepungukiwa maji, na ndani ya chupa ya mafuta hakuna hata tone la maji. Kuna vitu vinavyoingiza maji kwenye nywele, kuna vinavyolainisha, na kuna vinavyozuia maji yasitoke. Vyote vinauzwa rafu moja na vyote vimeandikwa kwamba ni vya nywele kavu. Hapa nimeviweka viwili viwili vile ambavyo watu huvichanganya, niseme kila kimoja kinafanya nini, kinamfaa nani, na wapi ningekushauri utoe pesa yako. Nazungumzia zaidi nywele za kipilipili kwa sababu ndizo zinazokauka upesi, lakini wenye singa nao watapata chao.

Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka hadi nchani bila shida. Kwenye kipilipili hukwama katika kila mkunjo, ndiyo maana shina linaweza kuwa na mafuta na ncha imekauka kabisa. Isitoshe, ganda la nje la unywele ni vigamba vidogo vilivyolaliana kama vigae vya paa, na penye mkunjo vigamba hivyo huinuka kidogo, maji yakapata pa kutokea. Dawa ya kunyoosha, rangi na pasi ya moto huviinua zaidi, na vingine hung'oka moja kwa moja.

Kuna jaribio maarufu la kutia unywele kwenye glasi ya maji kuona kama utazama. Usilitegemee, maana unywele wenye mafuta kidogo tu huelea hata kama umeharibika. Jiangalie bafuni. Maji yakisimama juu ya nywele kwa matone na kuchukua muda kulowa, vigamba vyako vimefunga. Nywele zikilowa papo hapo na kukauka upesi, vigamba vimefunguka, na wewe utahitaji kuziba kuliko mwenzako. Kumbuka uko upande gani utakapofika kwenye vitu vya kuziba hapa chini.

Nazi na nyonyo

Mafuta haya mawili ndiyo yanayosifiwa zaidi, na yote mawili hutumiwa mahali pasipo pake.

Mafuta ya nazi yana sifa ambayo mafuta mengi hayana: yanaingia ndani ya unywele. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, kwa hiyo zinapenya. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea kwenye nywele, ziwe nzima au zilizoharibika. Unywele ukilowa huvimba, ukikauka hunywea, na kuvimba na kunywea huko kila wiki ndiko kunakouchosha. Mafuta ya nazi yakiwa yameshaingia, unywele hauvimbi sana.

Sasa hapo ndipo watu wanapokosea. Mafuta yanayopunguza maji kuingia kwenye unywele hayafai kupakwa asubuhi juu ya nywele zilizokauka, ukitegemea zilainike. Wengi wanaofanya hivyo hulalamika kwamba nazi inawakakamaza, na malalamiko yao ni ya kweli. Wakati wa mafuta ya nazi ni kabla ya kuosha: usiku wa kuamkia siku ya kuosha, au saa mbili tatu kabla. Gawa nywele mafungu manne, paka kuanzia katikati kushuka nchani, zifunge, kisha osha kama kawaida.

Ukitaka ya kwako mwenyewe, kuna nazi kwenye mbuzi, kamua tui la kwanza zito, liinjike kwenye moto mdogo na ukoroge. Tui litakatika, litachemka hadi maji yaishe, mashapo yataanza kugeuka rangi ya kahawia na mafuta yatajitenga juu. Epua hapo hapo. Ukichelewa mashapo yanaungua na mafuta yote yananuka moshi. Chuja kwa kitambaa safi na utie kwenye chupa kavu kabisa, kwani maji yakibaki ndani mafuta huchacha. Wapo wanaotia maua ya asumini wakati mafuta bado yana uvuguvugu. Kwa nywele hayaongezi kitu, ila harufu yake inafurahisha nyumba nzima. Ukinunua, jua kwamba mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Mtu wa Njombe au Arusha akiyakuta yameganda meupe mwezi wa Julai asidhani yameharibika. Aliye Dar anaweza kuyaweka kwenye friji: yasipoganda hata kidogo, huenda yamechanganywa.

Mafuta ya nyonyo ni kitu kingine kabisa. Ni mazito, yananata, na karibu yote, asilimia 85 hadi 90, ni asidi ya risinoleiki. Yanakaa juu ya unywele, yanaufunika, yanaupa mng'ao na kuufanya uonekane mnene. Kwa kuziba ncha yanafaa sana. Kuhusu kuotesha nywele, ambako ndiko sifa yake kubwa ilikotoka, hakuna ushahidi wa maana. Nywele zako zinaota sentimita moja hivi kwa mwezi hata bila nyonyo; kinachokufanya uone zimesimama palepale ni kwamba zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota shinani. Ukiziba ncha zikaacha kukatika, utaona urefu, na sifa itakwenda kwa chupa.

Usiyapake mengi wala usiyasugue kichwa kizima. Madaktari wa ngozi wameripoti visa vya nywele kujisokota na kugandana ghafla baada ya kupakwa mafuta mazito ya nyonyo, na fundo la namna hiyo halifumuki, hukatwa. Changanya sehemu moja ya nyonyo na tatu za mafuta mepesi, upake nchani tu. Wala usijaribu kukamua mbegu mwenyewe: zina risini, sumu kali, na mtoto akizitafuna ni hatari. Nunua yaliyosindikwa, yenye lebo inayoonyesha mtengenezaji na tarehe.

Ukiwa na pesa ya chupa moja, chukua nazi. Isipokuwa kama una mba. Fangasi wa mba hula mafuta, na ukiloweka ngozi ya kichwa kwa nazi au zeituni unamwandalia chakula. Mwenye mba apake kwenye nywele pekee, ngozi aiache, kwanza aitibu kwa shampuu ya mba kutoka duka la dawa.

Zeituni inaingia pia, kwa kiasi, na ni mbadala mzuri kwa ambaye nazi humkakamaza. Mafuta ya parachichi yako karibu na zeituni kwa tabia. Alizeti ya Singida hiyo hiyo ya kupikia, ikiwa haijatumika, inaziba vizuri na kwa bei ndogo. Usione haya kuichota jikoni.

Shea na mafuta ya mgando

Hapa tunazungumzia kuziba tu. Vyote viwili hupakwa nywele zikiwa na unyevu, baada ya kuosha au baada ya kupulizia maji, kamwe si juu ya ukavu. Ukiziba ukavu, umeufungia ndani.

Shea hutokana na mbegu za mti unaoota Afrika Magharibi hadi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Ile ya Uganda ni laini zaidi, inayeyuka upesi mkononi, na kwa sisi wa huku ndiyo iliyo karibu. Ikiwa na rangi ya manjano hafifu na harufu ya karanga na moshi, haijasafishwa sana. Ikiwa nyeupe isiyo na harufu, imesafishwa. Kwa kuziba, zote mbili zinafanya kazi. Wakati mwingine shea huwa na vijichenga kama sukari. Hilo hutokea ikiyeyuka na kupoa polepole, haijaharibika. Iyeyushe kwa kuweka kopo ndani ya maji ya moto, kisha ipoze haraka kwenye friji.

Mafuta ya mgando yanaziba kuliko shea, na ni rahisi, yapo kila duka la mtaani. Watu husema yanaziba vinyweleo na kuua nywele. Sivyo. Yakiwa yamesafishwa vizuri hayana madhara kwa unywele. Shida yake ni kutoka. Shampuu laini haiyaondoi, kwa hiyo utatumia sabuni kali, sabuni kali itakausha nywele, utarudia kuyapaka, na mzunguko unaendelea. Tena kwa anayepanda bodaboda kila siku kwenye barabara ya vumbi, jioni kichwa kimekuwa na tope. Shea nayo inashika vumbi, lakini kidogo, na inatoka kwa shampuu ya kawaida.

Kwa hiyo hali ya hewa ndiyo iamue. Dodoma, Singida na maeneo mengine ya ukame, miezi isiyo na mvua, hewa inanyonya unyevu kutoka kila kitu. Huko shea ina thamani yake kamili, na hata mgando kidogo kwenye ncha tu hauna ubaya. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hewa yenyewe ina maji, na shea nyingi itakulaza nywele na kutiririka shingoni mchana. Huko tumia kiasi cha punje ya harage kwa fungu zima la nywele, au uiache na ukae na mafuta mepesi. Aliye Dar lakini anashinda ofisini chini ya kiyoyozi yuko karibu na Dodoma kuliko anavyodhani, na azibe ipasavyo.

Stimingi ya dukani na ya jikoni

Hapa sina msimamo wa katikati: stimingi ya dukani, yaani kondishena nzito inayowekwa kwa joto, au hata kondishena ya kawaida ya bei ndogo, inaishinda ya jikoni.

Unywele ulioharibika una chaji hasi. Kondishena ina viambato vyenye chaji chanya, ambavyo hujishikiza penye uharibifu na kubaki hata ukisuuza. Ndiyo maana vidole huteleza. Tazama nyuma ya kopo: ukiona behentrimonium au cetrimonium, ndivyo hivyo. Ukiona cetyl alcohol au cetearyl alcohol usitishike na neno la mwisho, hiyo ni nta laini inayolainisha, haina uhusiano na spiriti inayokausha. Viandikwe karibu na mwanzo wa orodha, mara baada ya maji. Vikiwa mkiani, na mbele yake kuna mafuta ya madini pekee, umenunua mafuta ya mgando kwa jina la stimingi.

Yai halina uwezo huo. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele. Inakaa juu, inakauka, na ukisuuza kwa maji ya moto inaiva kichwani, utoe vipande kwa chanuo. Mayonezi inalainisha kidogo, kwa sababu ni mafuta yenye kiini cha yai na siki, lakini mafuta hayo ungeyapata kwenye chupa bila harufu. Ndizi iliyopondwa inaacha nyuzi ndani ya kipilipili ambazo hutazimaliza jioni hiyo. Katika vya jikoni vyote, parachichi ndilo lenye hoja: lina mafuta mazuri na linateleza. Liwe limeiva sana, lisagwe na kuchujwa kwenye kichujio chembamba cha chai, liwekwe nusu saa na kusuuzwa vizuri kabla halijakauka. Mimi bado ningelila na kununua kondishena.

Namna ya kuweka stimingi ni muhimu kama chapa yake. Nywele zioshwe kwanza, zikamuliwe maji, zisitiririke. Paka fungu kwa fungu, ukianzia nchani. Chana kwa chanuo la meno mapana wakati kondishena ipo, kutoka nchani kupanda juu, ukishika shina kwa mkono mwingine ili lisivutwe. Vaa kofia ya plastiki, funga taulo lililolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kaa dakika 20 hadi 30. Kulala nayo usiku kucha hakuongezi faida, na ukifanya hivyo mara kwa mara unywele unabaki umevimba muda mrefu na kulegea. Saluni wana mashine ya mvuke. Taulo la moto na subira vinafikisha karibu na hapo bila nauli.

Mara moja kila wiki mbili inatosha kwa nywele zisizo na dawa. Zenye dawa au rangi, kila wiki. Stimingi zenye protini, hasa zilizoandikwa keratini iliyovunjwavunjwa, ziwe za mara moja kwa mwezi kwa nywele zilizolegea na zinazonyumbuka kupita kiasi ukizivuta. Ukiziweka kwenye nywele ambazo tayari ni ngumu zitazidi ugumu na kukatika. Maji ya mchele yanayosifiwa siku hizi yaweke kundi hilo hilo: mara chache, na yasuuzwe.

Gliserini na mshubiri

Hivi ni vya katikati ya wiki, vya kurudisha unyevu bila kuosha. Gliserini huvuta maji na kuyashika. Inauzwa duka lolote la dawa na chupa ndogo inakaa miezi. Kosa ni kuipaka kavukavu: inanata na haina maji ya kushika. Kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji, tikisa kwenye chupa ya kupulizia, basi. Pwani inafanya kazi bila msaada, ila siku za joto la unyevunyevu nywele zitavimba na mtindo utafumuka mapema. Kwenye hewa kavu haina pa kuvuta, kwa hiyo ukiipulizia lazima uzibe kwa mafuta juu yake mara moja.

Jeli ya mshubiri ni maji kwa zaidi ya asilimia 95, yenye utelezi. Inapoza ngozi ya kichwa baada ya kusukwa na haikulazi nywele. Ukikata jani, lisimamishe ndani ya glasi, sehemu iliyokatwa ikielekea chini, kwa robo saa hivi. Utaona utomvu wa manjano unashuka taratibu na kukusanyika chini. Huo ndio unaowasha, umwage. Kisha menya ganda pande zote, osha vipande vya jeli, saga na uchuje. Weka kwenye friji na usitumie baada ya siku chache, maana hauna kihifadhi. Kabla ya kupaka kichwani paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani na usubiri hadi kesho yake.

Mvivu achague gliserini, na uvivu huo hauna aibu. Anayewashwa ngozi ya kichwa au aliyesuka achague mshubiri.

Maji na sabuni ya kuoshea

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika, na kwa watu wengi wa mijini ndiyo yenye chanzo cha ukavu wenyewe. Nyumba nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima, na mengi ya maji hayo yana chumvi au madini. Angalia ndani ya birika lako. Kama lina ukoko mweupe mgumu chini na kando, madini hayo hayo yanakaa kwenye nywele kila unapoosha. Kama sabuni haitoi povu hadi usugue sana, ni dalili hiyo hiyo. Utando huo unazifanya nywele zikwaruze hata baada ya stimingi nzuri, na mtu huishia kubadilisha mafuta mara tano ilhali hajagusa tatizo.

Kuchemsha husaidia kwa sehemu: baadhi ya madini hukaa kwenye ukoko, ukayapoza na kuyamimina polepole bila kutibua chini. Chumvi ya kawaida haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya mvua hayana madini, na masika ndoo mbili tatu hukingwa bila gharama. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza. Kama una maji ya mvua au ya bomba ya kutosha kusuuzia tu, osha kwa ya kisima na umalizie kwa hayo. Badiliko hilo dogo limewasaidia watu niliowashauri kuliko chupa yoyote.

Sabuni ya mche au ya kipande ni alkali, yaani kinyume cha asidi: kwenye kipimo cha pH, ambacho 7 ndiyo katikati, iko 9 hadi 10. Inainua vigamba, na kwenye maji ya kisima inafanya utando mweupe unaoganda nyweleni. Kwa nywele kavu ondoa kabisa. Magadi na soda ya kuokea ni alkali vilevile, na wale wanaovisifu kwa kusafisha wanasema kweli, vinasafisha hadi mafuta ya asili yote yanatoka. Shampuu huwa karibu na uasidi wa nywele. Ikiwa haina salfeti, yaani kemikali kali ya kutoa povu, ni laini zaidi, lakini isikusumbue sana: shampuu yenye salfeti iliyochanganywa na maji kwenye kikombe, ikapakwa kwenye ngozi ya kichwa tu na povu likaachwa lishuke lenyewe, haidhuru kama inavyosemwa. Na kwa anayetumia maji ya kisima na mafuta mazito, shampuu kali mara moja kwa mwezi inahitajika.

Siki dhidi ya ndimu: zote ni asidi na zote huondoa utando wa madini na kulaza vigamba. Siki ni rahisi kupima. Vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji, mwagia baada ya shampuu, subiri dakika moja, suuza. Ndimu ni kali na kila tunda lina ukali wake. Ukiitumia iwe matone, na usitoke nayo juani, inaweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua. Mimi ningechagua siki.

Hina nayo hutajwa kama dawa ya ukavu. Rangi yake hujishika kwenye protini ya unywele na kuufanya uwe imara kidogo, lakini wengi hubaki na nywele kavu zaidi baada yake, wakahitaji stimingi. Ipakwe kwa ajili ya rangi. Piko nyeusi usiipeleke kichwani hata kidogo. Nyingi huwa na kemikali ya rangi inayoweza kuchoma ngozi na kuvimbisha uso.

Usiku na mchana

Taulo la kawaida husugua vigamba. Fulana ya pamba iliyochakaa inakamua maji bila kukwaruza. Draya ya joto dogo si mbaya, pasi ya kila wiki ni mbaya. Kusukia uzi kunanyoosha nywele bila moto wowote, na nasikitika kuona mabinti wengi wanaona ni mtindo wa vijijini, kwa sababu hakuna njia salama kuliko hiyo ya kupata urefu kabla ya kusuka. Twende kilioni ya mkono, isiyobanwa, inazikinga ncha wiki nzima. Ikibanwa hadi unapata vipele na kuumwa kichwa, nywele za mbele zitanyonyoka, na zikinyonyoka tena na tena huenda zisirudi.

Kulalia kanga ni mazoea ya wengi. Kanga ni pamba, inanyonya unyevu na mafuta uliyopaka, asubuhi vimebaki kwenye kitambaa. Satini hainyonyi na inateleza. Si lazima hariri. Satini ya kawaida ya kushonewa bitana inatosha kushona kofia na foronya. Wanaovaa ushungi wahakikishe nywele zimekauka kabla ya kuzifunika, na chini ya ushungi wa pamba watangulize satini.

Mtoto mdogo hahitaji orodha hii. Maji kwenye chupa ya kupulizia, kondishena, mafuta kidogo ya nazi kabla ya kuosha, na chanuo la meno mapana. Asipakwe dawa ya kunyoosha. Akiwa na mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika, huenda ni mapunye, na mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Mpeleke kituo cha afya badala ya kujaribu mafuta. Na mtu mzima ambaye nywele zimekauka na kupukutika ghafla, huku anachoka au uzito unabadilika bila sababu, apime damu na tezi ya shingo kabla ya kununua chochote.

Mwenye dawa na rangi kwa pamoja, bajeti yake yote iende kwenye kondishena, kisha nazi, na vingine visubiri. Mwenye kipilipili asilia anayeishi Pwani anaweza kuishi kwa nazi, kondishena na gliserini. Aliye bara penye ukame aongeze shea. Kwa yeyote mwenye kisima cha maji ya chumvi, siki na ndoo ya maji ya mvua vitangulie vyote hivyo.

Ncha zilizokwisha kupasuka hazigundishwi na kitu chochote hapo juu, hata zile chupa ndogo zinazodai kuziunga. Zinazilaza tu hadi utakapoosha. Zikatwe sentimita moja juu ya pale zilipopasuka, nywele zikiwa zimenyooshwa kwa uzi na kukauka, kwa mkasi mkali wa nywele. Mkasi wa jikoni au wa vitambaa vizito unazisaga, na mpasuko mpya unaanzia hapo hapo.